Hesabu za Ida B. Wells

Machi 1892, mjini Memphis, Tennessee, kundi la wazungu liliwatoa gerezani usiku wanaume watatu weusi na kuwapiga risasi. Kilichowaponza ni duka lao la vyakula, lililokuwa likimnyima usingizi mfanyabiashara mzungu wa jirani. Mmoja wao, Thomas Moss, alikuwa rafiki wa karibu wa Ida B. Wells, mhariri mwenye umri wa miaka 29 wa gazeti la Free Speech. Angeandika maombolezo tu, nani angemlaumu? Aliandika, ndiyo, na kwa uchungu. Kisha akaanza kuhesabu.

Siku hizo ilisemwa kila mahali kwamba watu weusi waliouawa na magenge walikuwa wabakaji. Hata Wells alikuwa ameisadiki kauli hiyo. Lakini Moss hakutuhumiwa kumgusa mwanamke yeyote. Basi Wells akazitafuta takwimu za miaka minane zilizokusanywa na Chicago Tribune, gazeti la wazungu: watu weusi 728 waliouawa. Akawapanga upya kwa kufuata tuhuma, na ikaonekana kuwa ni theluthi moja tu waliotajwa kwa ubakaji. Waliotajwa, si waliothibitishwa, kwani hakuna hakimu aliyewasikiliza.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wake. Alijua kuwa neno la mwanamke mweusi, binti aliyezaliwa utumwani Mississippi mwaka 1862, lingeitwa uzushi kabla halijasomwa hadi mwisho. Kwa hiyo aliwaita wazungu wenyewe watoe ushahidi. Katika A Red Record, kitabu chake cha 1895, majina yanafuatana, kila moja na tarehe yake, mahali pake na tuhuma yake: huyu kwa kushukiwa kutia sumu kisimani, hawa kwa kujibu kwa ujeuri, yule bila kosa lolote. Msomaji anasubiri mwandishi apaze sauti, naye anaendelea kuorodhesha. Mwaka 1900 alifanya vivyo hivyo kuhusu ghasia za New Orleans: sehemu kubwa ya alichosimulia aliitoa katika magazeti ya wazungu wa mji huo.

Utulivu huo haukumaanisha kwamba alikuwa mpole. Mei 1892, alipoandika kwamba hakuna mtu wa eneo lile anayeuamini uongo ule kuhusu ubakaji, genge liliivunja ofisi ya gazeti lake. Yeye alikuwa safarini, akaonywa kwamba akirudi atauawa. Akabaki New York na kuendelea kuandika.

Aliwajua pia wasomaji wake. Free Speech ilichapwa kwenye karatasi ya waridi, ili hata asiyejua kusoma alitambue gazeti alilotaka kusomewa, wala muuzaji asimpe jingine. Mhariri anayemfikiria mtu huyo namna hiyo ameielewa kazi yake.

Kazi ninayoirudia zaidi ni ya uzeeni mwake. Mwaka 1919, wakulima weusi wa Elaine, Arkansas, waliunda chama ili walipwe haki yao ya pamba. Wengi waliuawa, na 12 wakahukumiwa kifo baada ya kesi za haraka mno. Wells alisafiri kutoka Chicago, alikokuwa akiishi sasa, akaingia gerezani Little Rock pamoja na wake na mama zao, akijifanya ndugu wa mmoja wao. Walinzi hawakujua ni nani. Aliwasikiliza, na zaidi ya habari za mateso akawauliza jambo ambalo wengi wasingelifikiria: kila mmoja alikuwa amelima ekari ngapi, alikuwa na pamba kiasi gani, mahindi kiasi gani, mifugo mingapi? Katika kijitabu chake cha 1920 alijumlisha thamani ya vyote walivyopoteza, mtu mmoja mmoja, hadi ikawa wazi nani alifaidika na vifo vile. Kufikia 1925 wote 12 walikuwa wametoka gerezani, baada ya mapambano marefu ya mawakili na ya vyama vya watu weusi. Mmoja wao alifunga safari hadi nyumbani kwake Chicago kumshukuru.