Kingolwira: Alumini Inapokutana na Shaba

Umeme wa treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro husafiri kilomita 160 hivi kwa njia ya kilovolti 220, kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira. Njiani, metali inayoubeba hubadilika, na kila badiliko lina sababu yake.

Nyaya ndefu za minarani kwa kawaida ni za alumini. Kwa unene uleule, alumini hupitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba, ila uzito wake haufiki theluthi ya shaba. Hata ukiunenepesha waya ili kufidia upungufu huo, bado uzito ni nusu tu. Kwa kuwa alumini hulegea ikivutwa, katikati huwekwa uzi wa chuma kilichochovywa kwenye zinki kuzuia kutu.

Juu ya reli, umeme ukishapunguzwa hadi kilovolti 25, alumini haifai. Treni inapita kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa, mkono wake wa juu ukisugua waya. Alumini ingelika upesi. Tena uso wake hujifunika utando wa oksidi usiopitisha umeme. Hapo inatakiwa shaba iliyokazwa kwa kuvutwa, pengine ikiwa na fedha au magnesi kidogo ili joto lisiilainishe. Mkono wa treni huvishwa kaboni, laini kuliko shaba, ili kinachoisha kiwe kipande cha kubadilishwa karakanani.

Kwangu mimi, ufundi mkubwa uko pale metali hizo mbili zinapoungwa. Zikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Joto likipanda, alumini hutanuka zaidi ya shaba. Likishuka, hunywea zaidi, na kiungo hulegea, hupata moto, hulegea tena. Ndiyo maana mafundi hutumia kiunganishi cha metali mbili, hukwangua oksidi, hupaka grisi maalumu, na huweka alumini juu, shaba chini. Maji ya mvua yakitiririka kutoka kwenye shaba hubeba chembe zake, na zikitua juu ya alumini huitoboa.

Hatari hiyohiyo iko nyumbani kwako, pale waya wa alumini kutoka kwenye nguzo unapokutana na shaba ya ndani. Fundi akitaka kuzisokota pamoja na kuzifunga kwa utepe, mzuie. Mdai kiunganishi cha metali mbili kabla hajawasha umeme.