Notepad Haikupaswa Kukumbuka

Mwaka 2023 Microsoft waliondoa swali ambalo Notepad ilikuwa ikiwauliza watumiaji wa Windows kwa zaidi ya miaka 30, na hawakupaswa kuliondoa. Swali lenyewe mnalijua. Umeandika kitu, hujakihifadhi, unabofya X, kisanduku kinatokea: uhifadhi, usihifadhi, au ughairi? Katika Notepad ya Windows 11 ya leo unabofya X na dirisha linafungika kimya. Maandishi yako hayajawa faili, wala hayajafutwa. Yamewekwa pembeni, na atakayefungua Notepad baada yako anayakuta yote palepale ulipoyaachia, pamoja na vichupo vyako vyote.

Sifa zilikuwa nyingi. Tuliambiwa tumepunguziwa usumbufu, kwamba sasa mtu anaweza kufunga kazi na kuirudia bila kuulizwaulizwa. Kwa mwenye laptopu yake, yenye nywila yake, anayeitumia peke yake, hilo ni kweli kabisa. Lakini waliokata shauri hili walimwona huyo peke yake. Nenda kwenye steshenari yoyote ya Kariakoo au Mwenge, au kwenye saiba za River Road kule Nairobi, utazame kompyuta zinavyotumika. Mashine ni moja, akaunti ya Windows ni moja, na wateja wanapokezana kiti tangu asubuhi hadi mlango unafungwa.

Tazama sasa Notepad inafanya kazi gani pale. Kijana anajaza maombi ya mkopo wa chuo. Anafungua Notepad kwanza, anaandika humo namba yake ya NIDA, zile tarakimu 20 ambazo ukikosea moja umerudi mwanzo, kisha barua pepe, namba ya simu ya mzazi, na nywila aliyoitunga dakika hiyo. Kutoka hapo anakopi na kubandika kila fomu inapodai. Anayemfuata anaomba kazi serikalini na anafanya vilevile. Wa tatu ametumiwa maelezo kwa WhatsApp, anayapitisha Notepad ili yatoke na herufi tupu, bila rangi wala ukubwa wa ajabu, ndipo ayabandike kwenye barua. Hakuna hata mmoja anayetaka kuhifadhi chochote. Kwao Notepad ilikuwa karatasi ya kukokotolea, na kubofya X kisha "usihifadhi" ndiyo ilikuwa namna ya kuichana kabla ya kuinuka.

Siku hizi mtu huyo anabofya X, anaona dirisha limetoweka, analipa, anaondoka akiamini amefuta. Mteja anayefuata anafungua Notepad, na namba ya NIDA ya mwenzake iko mbele yake, na nywila chini yake.

Najua utetezi utakaoletwa, na nimeuchunguza. Wa kwanza ni kwamba ukifunga kichupo kimoja, badala ya dirisha zima, Notepad bado inauliza. Ni kweli, na kwangu hilo linazidi kuharibu kesi yao. Tuseme dirisha lina kichupo kimoja tu. Ukibofya X ya kichupo unaulizwa na unaweza kutupa maandishi. Ukibofya X ya dirisha, vidole viwili pembeni, huulizwi na maandishi yanabaki. Alama ni ileile, skrini ni ileile, matokeo yanapingana, na hakuna neno popote linalomweleza mtumiaji tofauti. Mtu aliyefunga madirisha ya Windows kwa X ya juu kulia tangu alipojifunza kompyuta ataendelea kufanya hivyo, na hana sababu ya kushuku kwamba maana yake imegeuzwa.

Utetezi wa pili unasema kwamba Notepad++ ya Don Ho, ambayo nimeisifu katika safu hii tangu zamani, nayo inatunza maandishi yasiyohifadhiwa. Inatunza, ndiyo. Lakini Notepad++ haiji na Windows. Anayeitumia ameitafuta, ameipakua, ameisakinisha, na mara nyingi ni mtu wa programu anayeishi na faili 20 wazi kwa wiki nzima. Kwake kukumbuka ni sehemu ya kazi aliyoifuata. Notepad ya Windows haikutafutwa na mtu. Iko kwenye kila mashine, na kitu kilichowekwa kwa kila mtu kinapaswa kupangwa kwa kumfikiria yule atakayeumia zaidi kikikosea.

Tuangalie na maandishi yenyewe yanakaa wapi. Ndani ya AppData ya mtumiaji, kwenye kabrasha la Notepad, kuna kijikabrasha kinaitwa TabState. Kila kichupo kina faili lake la .bin humo. Hayakufungwa kwa ufunguo wowote. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida akiyafungua kwa programu inayoonyesha baiti, anasoma maneno yako bila shida. Wenye saiba makini wanaotumia programu za kurudisha mashine katika hali yake ya mwanzo watasema wamejikinga, lakini programu hizo husafisha kompyuta inapowashwa upya, na sijaona steshenari inayozima na kuwasha mashine kila mteja anapoinuka.

Uamuzi huu ulitoka mwaka uleule ambao Tanzania ilianza kutekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu 2019. Mwenye steshenari anaambiwa atunze siri za wateja, na wakati huohuo kifaa kidogo kuliko vyote kwenye mashine yake kimeanza kuziweka akiba bila kumtaarifu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kampuni hiyohiyo ilishafanya jambo la aina hii vizuri. Mwaka 2018 Windows 10 ilipewa historia ya vitu vilivyokopiwa, ile inayofunguka kwa kitufe cha Windows na V. Nayo ni kumbukumbu, nayo inaweza kushika nywila ya mtu. Walifanyaje? Waliileta ikiwa imezimwa. Ukibonyeza mara ya kwanza inakueleza kwamba haijawashwa na kukupa kitufe cha kuiwasha mwenyewe. Haishiki zaidi ya vitu 25, na ukiwasha kompyuta upya inafuta kila usichokibana. Hivyo ndivyo kifaa cha kukumbuka kinavyoingizwa kwenye mashine za watu. Miaka mitano baadaye Notepad ikapewa uwezo wa kukumbuka ukiwa umeshawashwa, na wa kuuzima akaachwa ajitafutie.

Rudi nyuma zaidi, kwa Task Manager ya Dave Plummer, aliyoianzia nyumbani kwake kabla haijaingizwa kwenye Windows NT 4.0 mwaka 1996. Plummer mwenyewe ameeleza kwamba ukishikilia Ctrl, Alt na Shift wakati ikifunguka, inatupa mipangilio yake yote na kuanza upya. Aliwaza mapema kwamba kifaa kinachotunza kumbukumbu kinahitaji njia ya haraka ya kusahau. Irfan Škiljan ametunza IrfanView tangu 1996 kwa nidhamu hiyohiyo: inafungua picha na kukuacha uendelee na shughuli zako. Everything ya David Carpenter, ya kutafutia faili, inasoma orodha ya faili ya NTFS moja kwa moja na kukupa jibu kabla hujamaliza kuandika jina. Hawa ni watu mmoja mmoja waliojua kazi ya chombo chao inaishia wapi.

Notepad yenyewe ilishawahi kuadhibiwa kwa kukisia. Katika Windows XP ukiandika sentensi fupi ya Kiingereza ya maneno manne, yenye herufi nne, tatu, tatu na tano, ukaihifadhi na kuifungua tena, uliweza kukuta herufi za Kichina au visanduku vitupu. Programu ilikuwa imekisia vibaya namna herufi zilivyoandikwa, na kosa hilo lilidumu hadi Vista. Somo lilikuwa wazi: Notepad isiamue kwa niaba ya mwandishi. Kwa miaka kadhaa lilishikwa. Mwaka 2018 ikajua kusoma mistari ya faili za Unix, mwaka 2019 UTF-8 ikawa ya kawaida, kisha zikaja hatua nyingi za kutengua na vichupo. Kazi safi yote hiyo.

Halafu wakaua WordPad. Nimelilalamikia hilo na nitaendelea. Programu iliyokuja na Windows 95, iliyoandika barua yenye herufi nzito na orodha bila mtu kununua Word, iliondolewa katika toleo la 24H2 la mwaka 2024. Mwaka uliofuata Notepad ikaanza kupewa herufi nzito na vichwa vya habari. Yaani kazi ya marehemu ikahamishiwa kwa chombo ambacho thamani yake ilikuwa kutoijua kazi hiyo. Juu yake kikaja kitufe cha Copilot cha kuandika upya na kufupisha, ambacho kwenye kompyuta nyingi kinadai uingie kwa akaunti ya Microsoft. Kuingia kwa akaunti ndani ya Notepad! Ukiyapanga mambo haya utaona yote yanatoka kwenye fikra moja, kwamba kompyuta ina mwenyewe mmoja na mwenyewe huyo anafahamika.

Marekebisho yake hayahitaji mhandisi mkubwa. Mara ya kwanza mtu anapofunga dirisha lenye maandishi yasiyohifadhiwa, Notepad iulize: nikumbuke, au nitupe kama zamani? Jibu moja, linalobaki hadi libadilishwe. Wanaotaka kukumbukwa wangelipata hilo siku ileile, na wasiotaka wasingepoteza chochote.

Kwa sasa wenye steshenari na walimu wa maabara za kompyuta wafanye hivi. Fungua Notepad, bofya alama ya gia juu kulia, tafuta sehemu inayoeleza Notepad ifanye nini inapoanza, kisha chagua ianze upya na kutupa mabadiliko yasiyohifadhiwa. Fungua na kufunga mara moja kuhakikisha vichupo vya zamani vimekwenda. Mpangilio huo unashika kwenye akaunti moja ya Windows tu, kwa hiyo lazima urudiwe kwenye kila akaunti ya kila mashine, na tena kila Windows inaposakinishwa upya.