Kurekebisha si Kugeza: Istilahi za Rifraktomita

Miongoni mwa vyombo vitumiwavyo kuamua kama zabibu za Dodoma zimefikia kuvunwa ni rifraktomita. Ni bomba dogo lenye prizimu upande mmoja na tundu la kutazamia upande wa pili. Tone la maji ya zabibu huwekwa juu ya prizimu, nuru hupinda kwa kadiri ya sukari iliyomo, na jibu husomwa kwa skeli ya Brix, ambayo digrii 1 yake ni gramu 1 ya sukari ya miwa katika gramu 100 za mmumunyo.

Makala haya yanahusu neno moja tu: kazi ya kuhakikisha kwamba chombo hicho kinasema kweli tuiiteje? Wafasiri wengine huandika kurekebisha, wengine kusawazisha, na wengine hukimbilia kalibresheni.

Kurekebisha ni kuondoa kasoro. Mtumishi aliyeagizwa kurekebisha ataweka tone la maji yaliyokenekwa, atazungusha skrubu mpaka mstari ufike sifuri, naye ataamini kwamba kazi imekwisha. Lakini sifuri ni nukta moja tu ya skeli, na zabibu hazipimwi hapo. Yafaa apime gramu 20 za sukari na gramu 80 za maji, ayeyushe, kisha asome. Jibu likiwa 18 badala ya 20, chombo kina hitilafu ambayo sifuri haikuionyesha. Hapo hapaswi kugusa skrubu, bali kuandika tofauti hiyo. Kazi imefanyika kikamilifu, na hakuna kilichorekebishwa.

Kusawazisha nako kumekwisha elemewa na maana za ardhi na hesabu za fedha. Kalibresheni, kwa upande wake, haimfumbulii bwana shamba chochote.

Ilhali neno tunalo. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, hutumia ugezi. Kitenzi geza ni kufuatisha au kulinganisha kitu na kingine, nacho ndicho kilichozaa kigezo. Kwa hiyo kugeza chombo ni kukilinganisha na kigezo kinachojulikana. Wako watakaosema kwamba ugezi ni neno la maabara, halijulikani vijijini. Ni kweli, lakini kigezo linajulikana, na mwalimu akianzia hapo hatapata taabu.

Ubora wa istilahi hii huonekana zaidi katika rifraktomita ya chumvi, itumikayo kwa matangi ya samaki wa baharini. Maji ya bahari yenye chumvi 35 kwa elfu hupinda nuru sawa na mmumunyo wa chumvi tupu ya mezani wa takriban 36.5 kwa elfu. Skeli iliyotengenezwa kwa chumvi ya mezani itakosea hata kama sifuri yake ni sahihi, na mwenye tangi ataongeza maji baridi pasipo haja. Kigezo cha maji ya bahari sharti kifanane na maji ya bahari.

Aidha, skeli ya Brix kwa kawaida huwekewa joto la sentigredi 20. Katika joto la 30, chombo kisichojirekebisha chenyewe husoma pungufu kwa takriban 0.8. Kinachosahihishwa hapo ni jibu, wala si chombo.

Twapendekeza basi:

(a) kuweka sifuri: kulinganisha na maji yaliyokenekwa tu. Mfasiri asiandike "maji ya betri", kwani katika gereji jina hilo huweza kuwa la tindikali;

(b) kugeza, ugezi: kulinganisha na kigezo kilicho karibu na kiwango kinachopimwa;

(c) kusahihisha: kuongeza au kupunguza jibu kwa sababu ya joto;

(d) kurekebisha: kuzungusha skrubu au kutengeneza chombo, si zaidi.

Mkulima wa Makutupora anayeambiwa kwamba zabibu zake hazijafikia sukari itakiwayo hana hoja ya kuishinda namba. Awezalo ni kuuliza kama chombo kimegezwa, lini na kwa kigezo gani. Tukimpa neno kurekebisha, atajibiwa kwamba sifuri iko sawa, na swali lake litakuwa limezimwa.