Kwanza Mbegu, Kisha Mfano

Kuna ufundi ambao hauna cheti wala duka, na sijawahi kuona mtu akiuandika kwenye barua ya kuombea kazi. Ni ufundi wa kumkalisha mtoto wa miaka mitano mbele ya kitu alichokizoea, harage, sisimizi au ndoo inayovuja, akaona ndani yake jambo la imani, bila kudanganywa kuhusu ndoo wala kuhusu Mungu. Mafundi wake ni akina mama, mabibi, na wale vijana wa kwaya wanaokabidhiwa Shule ya Jumapili kwa sababu hawakuwahi kukataa. Wako kila mahali, ila mimi nataka kuwasifu wa Magoma.

Magoma iko wilayani Korogwe, katika bonde la mto Lwengera linalozitenga Usambara ya Magharibi na ya Mashariki. Ukiinua macho unaona milima, ukiyashusha unaona mkonge. Kwenye milima hiyo Walutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, na upande wa Muheza Waanglikana walikuwa wameshafika Magila tangu miaka ya 1860. Ukristo wa huku kwa hiyo una umri, una nyimbo zake na una mafundisho ya kukariri. Katekisimo Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529 ilikusudiwa hasa baba wa nyumba aitumie na watu wake mezani, si mchungaji peke yake. Hata Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inapoagiza watoto wafundishwe, haitaji darasa. Inataja nyumba, njia, kulala na kuamka. Anayesema hana muda wa kumfundisha mtoto imani, nadhani hajaisoma sura hiyo, au ameisoma akidhani inawahusu Wayahudi.

Tuanze na mbegu, maana kila mwalimu huikimbilia. Mwalimu mgeni wa kazi huwaambia watoto kwamba mbegu hufa ardhini, kisha huota, kisha huyo anaendelea na somo. Lakini mtoto wa Magoma amepanda maharage na bibi yake, na bibi alipogeuka tu, alifukua kuchungulia. Anajua kilichomo: ganda limelegea, harage limevimba, kimzizi cheupe kimetokeza. Basi ananyoosha mkono: mwalimu, mbona halijafa?

Hapo ndipo fundi hutengana na mwanagenzi. Mwanagenzi atamwambia akae, Biblia imesema. Fundi atamwambia Jumapili ijayo aje na kopo lenye udongo na maharage. Watalitazama kopo hilo wiki baada ya wiki. Wataona zile pande mbili za harage zikipanda juu na mche, zikinywea, zikisinyaa, hadi zidondoke. Ukimwambia mtoto wakati huo akuonyeshe harage alilopanda, hana la kuonyesha. Limetumika lote. Sasa maneno ya Yesu katika Yohana sura ya 12 yana mahali pa kukaa, na hayakukaa kwa kulazimishwa. Yalisubiri harage limalize kazi yake.

Ila fundi wa bondeni ana mfano mwingine, na huu haukuwepo Galilaya. Mkonge hukaa miaka, mara nyingi kati ya 7 na 12, ukitoa majani tu, yale mapana yenye mwiba nchani ambayo kila mama amewaonya watoto wake nayo. Halafu siku zake zikifika hutoa mlingoti mmoja mrefu kupita nyumba. Huko juu hutoka maua, na yakishapukutika huota miche midogo kwa mamia, inayodondoka chini ikiwa tayari na majani yake. Mkonge ukishatoa mlingoti, basi. Hunyauka, hukauka, hufa kweli, wala hapana mtoto atakayefukua na kukuta vinginevyo. Mlingoti uliokauka wanaufanyia goli la mpira.

Nimewasikia walimu wakiutumia mfano huo vizuri, na wengine wakiuharibu. Anayeuharibu hana subira: anataka mkonge uwe Kristo kuanzia mzizi mpaka mwiba. Mtoto akiuliza kama na mkonge wenyewe utafufuka, anababaika. Fundi hujibu kwamba hapana, mkonge hautafufuka, watakaoishi ni watoto wake, na mfano wetu unaishia hapo. Jibu hilo ni fupi na nalihusudu. Mtoto aliyeonyeshwa mpaka wa mfano atauamini mfano unaofuata. Aliyeambiwa kwamba kila kitu kinafanana na kila kitu, akifika darasa la tano ataanza kucheka moyoni, na akifika kidato cha pili atacheka waziwazi.

Mkonge wenyewe una historia ya kusimulia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 kutoka Florida, na iliyofika hai ikaota ilikuwa 62. Mashamba ya Tanga yalianza hapo. Kwa mwalimu wa punje ya haradali hii ni zawadi, na watoto hupenda sana ile 62. Lakini uaminifu unadai zaidi. Miche hiyo ilileta pia kazi ngumu, na watu waliotolewa mbali kuja kukata. Mtoto mdogo hahitaji kubebeshwa yote hayo kwa siku moja. Anahitaji tu asiambiwe kwamba kila kinachokua sana kinakua kwa baraka.

Hapo linakuja somo gumu kuliko yote katika bonde hili, lile la wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Walioingia alfajiri na walioingia jioni wanalipwa sawa. Somo hili mjini hupita kimya. Kwa watoto ambao babu zao walikata mkonge kwa kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi ambayo siku isiyotiwa alama haikulipwa, halipiti. Wanajua maana ya kuhesabiwa. Watakuambia bila kusita kwamba huyo bwana shamba hana haki, na aliyeanza alfajiri angeenda kulalamika.

Hawajakosea hata kidogo. Walioanza alfajiri katika mfano walilalamika vilevile, imeandikwa. Mwalimu hodari huwaacha wagombane na bwana shamba mpaka hasira ipoe, kisha huwauliza: yule aliyesimama sokoni kutwa nzima bila mtu kumwajiri, kwake nyumbani watoto wangekula nini? Hapo kelele hupungua. Mtoto ambaye baba yake alirudi bila kazi huwa wa kwanza kubadili upande. Wengine hawabadili, na waachwe. Binafsi sijui kama mimi nimeshabadili.

Kuna namna mbili za kuubomoa ufundi huu, nazo zimeenea mno. Ya kwanza ni kugeuza kila ajali kuwa hubiri. Mtoto amemwaga maziwa, kabla hajafuta tayari ameshasomewa habari za dhambi na utakaso. Mtoto huyo atajifunza kuyamwagia nyuma ya nyumba. Ya pili ni kumfanya Mungu askari: ukiiba sukari, anakuona. Ni kweli anamwona, lakini alimwona Hajiri pia jangwani, na kumwona huko kulikuwa kwa kumsaidia. Mwenye busara huanza na Hajiri. Sukari itafika zamu yake.

Mkoa wa Tanga una Waislamu wengi, na familia yenye dini mbili chini ya paa moja si ajabu. Shangazi anakwenda kanisani, mjomba msikitini, mwaka mzima wanakula sikukuu za pande zote. Ikifika Ramadhani, jirani huleta futari kwa majirani wasiofunga, na mtoto wa Kikristo, mdomo umejaa tende, anauliza kwa nini wanatupa sisi. Swali hilo lina thamani kubwa kuliko vipindi vingi vya darasani. Mama anaweza kusema ni desturi yao, akaendelea kupiga pasi. Au anaweza kumsimulia Msamaria, na akiisimulia kwa haki hataruka jambo moja: aliyesaidia hakuwa wa dini ile ya wasikilizaji. Kuhani alipita, Mlawi alipita. Mahubiri mengi huliruka jambo hili, Msamaria akageuzwa kuwa mshirika mwema wa usharika wetu. Mtoto mwenye bakuli la jirani mkononi hawezi kuliruka. Kisha mama humwambia bakuli la watu halirudi tupu, alipeleke na ndizi, na somo linaendelea kwa miguu.

Mwishoni mwa Septemba sharika za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huadhimisha Mikaeli na Watoto, na siku hiyo ibada huwa mikononi mwa wadogo. Wanasoma masomo, wanaghani mashairi, wanasahau mstari katikati na mama mmoja anaumalizia kutoka benchi la nyuma. Wageni hudhani hiyo ndiyo siku ya kuupima ufundi ninaousifu. Mimi nasubiri watoke nje, kwenye mnada.

Baada ya ibada, sadaka zisizo fedha hunadiwa uwanjani: mkungu wa ndizi, miwa, kuku aliyefungwa miguu, yai moja lililoletwa na bibi asiye na kingine. Yai hilo linanunuliwa kwa bei ambayo dukani lingekupa trei nzima. Mnunuzi analirudisha linadiwe tena. Wa pili naye analirudisha. Watoto wamejazana mbele, wanahesabu kwa vidole, wamechanganyikiwa: yai limeuzwa mara tatu na bado liko mkononi mwa mzee wa kanisa. Nani amepunjwa? Mmoja anataka kujua kama mwenye duka naye anaweza kufanya hivyo. Mwingine anashikilia kwamba bibi arudishiwe chenji.

Mwalimu wao amesimama pembeni na hasemi kitu. Analiweka jambo hilo akiba hadi Jumapili ijayo, atakapofika kwa mikate mitano na samaki wawili, na atawaanzishia palepale walipoishia, kwenye hesabu ya yai. Mnada umefungwa, kina baba wamebeba ndizi zao. Kijana mmoja wa darasa la kwanza amemfuata mnunuzi wa mwisho hadi barabarani, anamuuliza kama hilo yai atalila au na yeye atalirudisha.