Ballet 422: Mtunzi Kutoka Safu ya Nyuma

Filamu ya Jody Lee Lipes, Ballet 422 (2014), haina msimulizi. Hakuna mahojiano, hakuna mtaalamu aliyeketi mbele ya kabati la vitabu akituelekeza tuone nini. Kuna maandishi machache tu: Justin Peck, miaka 25, yuko ngazi ya chini kabisa ya wachezaji wa New York City Ballet, na amepewa kazi ya kutunga baleti mpya. Itakuwa ya 422 kwa kundi hilo. Ana kama miezi miwili. Basi. Baada ya hapo kamera inakaa pembeni, inatazama.

Mimi ni mtu wa vitabu kuliko dansi, kwa hiyo kilichonishika ni lugha, au tuseme uhaba wake. Mwandishi akikosa neno anafuta, hakuna anayemwona. Peck akikosa hatua, kuna watu wamesimama mbele yake, jasho linawatoka, wanasubiri. Na si watu wa hivihivi: Tiler Peck (hawana undugu), Sterling Hyltin na Amar Ramasar ni nyota wa kundi. Usiku jukwaani wao wako mbele, yeye yuko nyuma na wenzake wa safu. Mchana ndiye anayewaambia mkono uende wapi. Kama umewahi kuona kijana aliyeajiriwa juzi anapewa kuongoza kikao cha wakubwa wake, utaelewa ninachosema.

Lakini haamrishi. Anaonyesha kwa mwili wake, anahesabu, anaanza sentensi na kuiacha katikati. Wao wanajaribu, wanamrudishia kitu tofauti kidogo, naye anakipokea. Mcheza baleti hufundishwa tangu utotoni kutii. Mwili wake unanolewa utekeleze mawazo ya mtu mwingine. Kutunga ni kuanza kusema baada ya miaka yote hiyo ya kusikiliza, tena mbele ya wenzako. Kwa kuonyesha jambo hilo bila kulifafanua, Lipes ameshinda waandishi wengi wa makala za sanaa, mimi nikiwemo.

Ila ukimya huo una gharama. Dansi yenyewe, Paz de la Jolla, ilioneshwa kwanza Januari 2013. Inatumia Sinfonietta La Jolla ya Bohuslav Martinů, na imejaa pwani ya California alikokulia Peck. Sisi tunapewa vipande tu. Tunapikiwa mbele ya macho, tunanusa, sahani haifiki mezani. Jamani, hata dakika kumi mfululizo?

Lalamiko langu kubwa ni jingine. Filamu haiulizi kwa nini yeye. Kipaji anacho, sibishi. Lakini kundi hili lilianzishwa mwaka 1948 na George Balanchine na Lincoln Kirstein, na majina makubwa ya utunzi wake yamekuwa ya wanaume, wakati wanawake ndio wanaobeba baleti mgongoni usiku hadi usiku. Kamera inayokataa kuuliza inaishia kuona mambo hayo kama hali ya hewa tu.

Miaka michache baadaye Lauren Lovette, mchezaji wa kundi hilohilo, alitunga For Clara (2016), kisha Not Our Fate (2017), ambamo wanaume wawili wanacheza dansi ya mapenzi. Kwenye jukwaa lililojengwa juu ya mwanamume kumnyanyua mwanamke, hilo si jambo dogo. Nafasi ikibaki kwa watu walewale, dansi kama hiyo inaweza kuchelewa sana kuzaliwa.

Pamoja na hayo, nitaitazama tena kwa ajili ya dakika zake za mwisho. Usiku wa onyesho la kwanza Peck ameketi na watazamaji, amevaa suti, anaangalia kazi yake ikichezwa. Makofi. Kisha anateremka nyuma ya jukwaa, anavua suti, anajipaka rangi usoni. Unaweza kuiita unyenyekevu. Mimi naona ratiba ya kazi: jina lake liko kwenye orodha ya wachezaji wa usiku ule, na baleti ya mwisho inakaribia kuanza.