Bembelezi la Mto Tana na mizani ya Kiswahili

Kenya ilipokaribia uhuru wake wa Desemba 12, 1963, wanamuziki watano walikabidhiwa kazi ya kuipatia wimbo wa taifa. Miongoni mwao alikuwa Mwingereza Graham Hyslop, afisa wa muziki na maigizo wa serikali ya kikoloni, ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamkumbuka pia kwa tamthilia zake mbili za 1957, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Alikaa na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti ya wimbo hawakuibuni wao. Waliichukua katika bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, walilolipata kwa Meza Morowa Galana. Je, kazi ya namna hii ni utunzi? Kwangu ni utunzi kamili, tena wa aina ngumu, kwa sababu mtunzi hapa anahukumiwa kwa jinsi alivyoyapima maneno na kwa yale aliyojizuia kuyaongeza.

Tazama jina lenyewe, Ee Mungu Nguvu Yetu. Ukiitamka “Ee” kama silabi moja ndefu, kama inavyoimbwa, unapata silabi saba. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo mkazo unaangukia silabi ya pili, ya nne na ya sita: Mu, ngu, ye. “Ee” inaingia kabla ya pigo zito, na “Mu” ndiyo inayolipokea. Maneno ya Kiingereza ya wimbo huo nayo yanaanza na silabi saba zenye mkazo palepale. Lugha mbili zisizo na undugu zimekaa juu ya sauti moja bila neno kuvunjwa shingo. Atakayeona hilo ni jambo dogo ahesabu tenzi za kanisani zilizotafsiriwa ambamo mwimbaji analazimika kukaza silabi ambayo Mswahili hakuikaza kamwe.

Wapo watakaosema wimbo wa taifa haufai kuwa na ufunguo wa maina (minor), kwani maina ni huzuni, na wimbo wa kulaza mtoto hauwezi kuamsha jeshi. Lakini kuona huzuni katika maina ni mazoea ya masikio yaliyolelewa Ulaya. Mama wa Kipokomo hakuwa akimwombolezea mwanawe, alikuwa akimtuliza. Tena utulivu huo ndio unaoutofautisha wimbo huu na nyimbo nyingi za mataifa zinazotembea kwa mwendo wa gwaride. Hoja nzito zaidi ni kwamba sauti nne za kwaya zimelivisha bembelezi nguo ya kigeni. Nakubali kuwa mpangilio huo ulikuja na misheni. Hata hivyo wimbo wetu wa Tanzania, uliojengwa juu ya sauti ya Enoch Sontonga ya 1897, ulizaliwa ndani ya kwaya tangu mwanzo, na wengi wetu hatuuiti wa kigeni. Kipimo changu ni kuondoa alto, tenor na besi: wimbo wa Kenya unabaki umesimama kwa miguu yake.

Mwalimu wa kwaya wa Getanuwas, hapa Tanzania, anayetaka kuutilia maneno ya Kiswahili wimbo wa mama wa kwao ana mlima mrefu zaidi. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa karibu, wote Kibantu cha pwani. Lakini lugha za kwao ni za mbali: Kiiraqw ni Kikushi, Kidatoga ni Kiniloti, na katika lugha hizo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Sauti iliyofuata maneno ya Kiiraqw ikivishwa Kiswahili, mikondo yake inabaki bila sababu iliyoizaa, na mkazo wa Kiswahili unaweza kudondokea mahali wimbo unapopumzika. Hapo mtunzi hana budi kuchagua maneno mengine, wala asiikunje sauti. Aanze na maneno mafupi ya silabi mbili, kama Mungu na nguvu, ambayo mkazo wake uko mwanzoni.