Uchache na Utupu katika Picha za Ziwa

Sanaa ya kupunguza ni ngumu kuliko sanaa ya kuongeza. Mshairi aachaye vina na mizani hupimwa kwa jicho kali kuliko avifuataye, kwa sababu hana pambo la kusitiri upungufu wake. Jambo hili lilidhihirika Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974: mahali ambapo wapinzani wake waliona utupu, watetezi wake waliona uhuru. Swali lilo hilo lafaa kuulizwa juu ya picha za mandhari zenye vitu vichache, ambazo wapiga picha huzitafuta kandokando ya ziwa hilo hilo.

Mwanza ni mahali pafaapo sana kwa picha za namna hii. Mtu akitoka mjini kwa miguu kuelekea Igombe hukutana na mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na nyuma yake maji ambayo ng'ambo yake haionekani. Alfajiri, wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao zimezimwa, rangi ya maji na rangi ya mbingu huwa moja. Mpiga picha huweka mtumbwi mmoja chini ya picha, huacha sehemu yote iliyobaki wazi, akaenda zake ameridhika. Uzuri wa picha hiyo hapana wa kuukanusha. Lakini nje ya picha umebaki mwalo mzima: nyavu, wachuuzi, na wanawake waanikao dagaa.

Kuacha si kosa, maana kila picha huacha. Kosa ni kudhani kwamba kilichoachwa hakikuwapo. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alilitazama ziwa hili kutoka kilimani karibu na Mwanza. Aliona sehemu ndogo tu, akaamini kuwa ndilo chanzo cha mto Nile, akalipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza. Juu ya mto hakukosea. Juu ya jina alitenda kama aliyekuta karatasi tupu. Baadaye jiwe lisimamalo majini mjini Mwanza nalo likaitwa kwa jina la Bismarck, kansela wa Ujerumani.

Tena maji hayo yana wafu wake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa abiria kwa mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Kwa mwenye kuyakumbuka hayo, mtumbwi mmoja katika maji makuu si pambo. Ni mtu aliye hatarini kwa ajili ya riziki.

Yamkini msomaji atasema kwamba picha si somo la historia. Ni kweli, wala haidaiwi kueleza yote. Ishara moja yatosha: mkono wa mvuvi ukivuta kamba, au jina la mahali chini ya picha. Picha iitwayo "Utulivu" yaweza kupigwa popote duniani. Picha iitwayo "Igombe, baada ya usiku wa kuvua" ina mahali pake na watu wake.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Msanii aliyeusikia mshindo huo hupunguza vitu. Asiyeusikia hupunguza watu.